Dada uliyetoka jeshini, usiklemu upungufu wa damu peke yake

Wadada, habari zenu. Simu yangu siku hizi imejaa meseji za sauti za wadada wenzetu waliopitia jeshi la Marekani, Wakenya wengi, Watanzania tupo, na Wakongo waliokuja kama wakimbizi wakapata grinkadi, kile kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, wakajiunga nao wapo, na ukisikiliza utadhani ni mtu mmoja anaongea: niliishiwa damu nikiwa jeshini, nikaklemu VA, wamenipa sifuri, au wamenikatalia kabisa, sasa nifanyeje dada. Nimekuwa nawajibu mmoja mmoja usiku nikitoka kazini lakini naona bora niyaweke yote hapa, mwenye haraka asome kidogo kidogo, mwenye rafiki amtumie, maana hii kitu inaniuma kweli, tunapoteza haki ambayo imeandikwa kabisa kwenye kanuni.

Kwa msiojua, VA ni wizara ya maveterani ya Marekani. Ukiumia au ukiugua ukiwa kwenye utumishi na ile hali ikabaki na wewe, unaomba, ndo huko kuklemu, wakubali kwamba imetokana na jeshi, wakikubali wanakupa asilimia, na hiyo asilimia ndo pesa yako ya kila mwezi isiyokatwa kodi. Kwa viwango vya 2025 mtu asiye na mtegemezi alikuwa anapata dola 175.51 kwa asilimia 10, dola 537.42 kwa asilimia 30, na dola 1,102.04 kwa asilimia 50. Siyo sadaka hiyo. Wanaume tuliotumikia nao wameklemu magoti, migongo, masikio, usingizi, wanaongea wazi kwenye mabaraza yao bila aibu, na ni haki yao. Sisi kizazi kikituharibikia tunanyamaza, tunasema haya ni mambo ya kike, kila mwanamke anayapitia, tunavumilia.

Sasa nianze na lile ambalo wengi limewakwamisha. VA ina kitabu chake cha kanuni za kutoa asilimia, 38 CFR sehemu ya 4. Humo ndani kifungu cha 4.116 ni cha magonjwa ya kike na matiti, na kifungu cha 4.117 ni cha magonjwa ya damu. Ukisema "nina upungufu wa damu wa kukosa madini ya chuma" akili inakimbilia 4.117, namba 7720, na kweli ipo: ukiwekewa dripu ya chuma mara 4 au zaidi ndani ya miezi 12 ni asilimia 30, ukiwekewa angalau mara moja lakini haijafika mara 4, au ukiwa unameza vidonge vya chuma mfululizo, ni 10, na kama huna dalili au umeambiwa tu ule mboga za majani na maini ni sifuri. Inaonekana rahisi. Lakini chini yake pale pale kuna maelezo mafupi sana yanasema upungufu wa chuma uliosababishwa na kupoteza damu USIPIMWE kwa namba hii, upimwe kwa vigezo vya ule ugonjwa unaokutoa damu.

Soma tena hapo taratibu. Yani kama damu yako imeisha kwa sababu kila mwezi unablidi siku nane na mabonge juu, basi kwa VA tatizo lako haliko kwenye damu, liko kwenye kizazi. Ukijaza fomu ukaandika neno moja tu, anemia, anayeshika faili lako anatakiwa aangalie damu inapotelea wapi, na kama wewe hujasema, na faili halijasema, unabaki umesimama kwenye mlango ambao siyo wako. Ndo maana nasema klemu yako ianzie pale damu inapotokea. Andika kizazi, andika faibroidi, yani uvimbe wa kizazi, au chochote dokta alichokiona, andika kublidi kupita kiasi, alafu upungufu wa damu uutaje kama matokeo yake.

Mimi haya alinifundisha mama mmoja mtu mzima, Mmarekani mweusi, veterani wa miaka ya themanini, anajitolea ofisi ya chama cha maveterani. Nilipokaa mbele yake na karatasi zangu hakuuliza kwanza habari ya kambi wala cheo, aliuliza, mwanangu, hiyo damu inakwenda wapi? Nikamweleza. Akasema sawa, basi hapo ndo tunaanzia.

Kilichonipata ni hivi. Mimi nimekulia Tanga, nilikuja Marekani kwa grinkadi, na mwenye grinkadi anaruhusiwa kujiunga jeshini hata kabla hajapata uraia, nikaingia, nikawekwa upande wa stoo na ugavi. Kazi yenyewe ni kubeba, kuhesabu, kupakia malori, kushusha, na mkienda mafunzo ya porini mnakaa huko usiku na mchana. Wanawake wenzangu mnajua porini siku zako zikikukuta na wewe ni mtu wa kutoka damu nyingi inakuwaje. Msafara wa malori hausimami kwa ajili ya mtu mmoja. Nilikuwa navaa pedi mbili kwa pamoja, moja mbele moja nyuma, na ndani ya sare naweka kaptura nyeusi, na bado nikishuka kwenye lori nachungulia siti kwanza kabla sijageuka. Juu ya hapo umevaa vesti ya kuzuia risasi, una mkoba, una silaha, jua linawaka, na damu iliyobaki mwilini haitoshi hata kupanda ngazi. Moyo unadunda kama umekimbia na wewe umesimama tu kwenye foleni ya chakula. Nilikuwa natafuna barafu kila saa, kikombe kwa kikombe, sikujua kwamba hamu ya barafu ni dalili moja ya kuishiwa chuma, nilidhani ni joto.

Unaenda kliniki ya kambi asubuhi wanakupa Motrin 800, dawa ya maumivu. Waliopita huko wanajua, ile dawa wenyewe wanaiita vitamini M, maana kila kitu unapewa hiyo, umevunjika kidole Motrin, kichwa Motrin, kizazi Motrin. Nilianguka siku moja kwenye mazoezi ya kukimbia ndo wakapima damu, hemoglobini ikasoma saba na pointi, wakati mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Wakafanya ultrasaundi, faibroidi, tatu, moja kubwa. Na nadhani wengi wenu mnaosoma hapa ni hiyo hiyo, maana kwa wanawake weusi faibroidi zinakuja mapema na zinakuwa kubwa kuliko kwa wanawake wazungu, hilo limeandikwa sana na madokta.

Kwenye kile kifungu cha 4.116 magonjwa ya kizazi, mlango wa kizazi, mirija na ovari yana fomula moja fupi. Dalili zisizohitaji matibabu ya mfululizo, sifuri. Dalili zinazohitaji matibabu ya mfululizo, 10. Dalili ambazo hata ukitibiwa mfululizo hazidhibitiki, 30. Basi, imeisha. Faibroidi ni uvimbe usio saratani kwa hiyo wanapima vile ulivyokuathiri, na mara nyingi unaishia kwenye fomula hii hii. Kwa hiyo tofauti ya sifuri na 10 ni neno "mfululizo", na tofauti ya 10 na 30 ni neno "hazidhibitiki". Kila karatasi utakayopeleka, kila sentensi utakayosema, ijibu hayo mawili: natibiwa kila wakati au siyo kila wakati, na nikitibiwa je damu inakata au haikati.

Hapa kuna jambo wadada wengi wanalipoteza. Vidonge vya majira, sindano ya miezi mitatu, kijiti, kitanzi. Dokta akikupa hivyo ili kupunguza damu, hayo ni matibabu, na ukiwa navyo miaka miwili mitatu hayo ni matibabu ya mfululizo. Lakini mtu akiulizwa na mpimaji wa VA unatumia dawa gani anasema situmii, nameza tu vidonge vya chuma, kwa sababu kichwani kwake ile ni uzazi wa mpango, na tena kama hajaolewa hataki hata mama yake mdogo asikie kwamba ana kitanzi. Dada yangu, yule mpimaji siyo mama yako mdogo. Sema. Na uhakikishe kwenye faili dokta ameandika sababu ya kukupa, iwe ni kublidi kupita kiasi na isiwe tu kuzuia mimba, na kama aliandika kuzuia mimba peke yake mwambie kwenye apointimenti ijayo aongeze na ile sababu ya kweli.

Alafu ile siku VA wanapokuita kupimwa kwa ajili ya klemu, wanaiita C&P. Naomba mnisikilize vizuri hapa kwa sababu ndo pana shida kubwa ya malezi yetu. Unaingia chumbani, mpimaji yuko na kompyuta, mbele yake kuna fomu ya maswali yenye visanduku, anaklik huku anakuuliza. Mara nyingi siye dokta wako, hajawahi kukuona, hatakuona tena, na una dakika chache. Anakuuliza unaendeleaje leo? Na wewe umelelewa, unasema niko vizuri, namshukuru Mungu. Anauliza maumivu? Unasema kidogo. Anauliza unazuiwa kufanya kazi? Unasema hapana nafanya kazi zangu zote, maana kwetu mwanamke anayelalamika ana sura mbaya. Na vyote hivyo vinaingia kwenye kompyuta, na anayetoa asilimia, ambaye hatokuona hata siku moja, anasoma karatasi inayosema mama huyu hana shida.

Siyo kwamba udanganye, hata kidogo, kudanganya VA ni kosa la jinai na tena inatuchafulia wote. Ninachosema ni kwamba ueleze siku zako mbaya zilivyo kwa ukweli wake. Unabadilisha pedi kila baada ya muda gani. Usiku unaamka mara ngapi. Unatandika taulo kitandani au hutandiki. Umekosa kazi siku ngapi mwezi uliopita. Mabonge yana ukubwa gani. Mume wako au mwenzio mnaweza kukutana au unaumia. Na kama dokta kakupa dawa tatu tofauti na damu bado inatoka, sema hivo hivo, nimetumia hii, hii na hii, na damu bado haijakaa sawa, kwa sababu hicho ndo kile kigezo cha 30. Andika kwenye daftari mapema, mimi nilikuwa na kalenda ndogo ya ukutani nimeweka alama nyekundu kila siku niliyoblidi na herufi K kila siku niliyokosa kazi, niliipiga picha nikaipeleka. Na una haki ya kuomba mpimaji awe mwanamke, omba mapema wanapokupigia kupanga tarehe, usisubiri ufike ndo ukute mwanaume ukaishia kujibu kwa aibu.

Kuhusu endometriosisi, yani nyama kama ya ndani ya kizazi kuota nje ya kizazi, hapa nina hasira kidogo. Ina namba yake, 7629, imewekwa vizuri tu, 10 kama maumivu ya nyonga au damu nyingi au damu isiyo na mpangilio vinahitaji matibabu ya mfululizo, 30 kama havidhibitiki, na 50 kama havidhibitiki na juu ya hapo imefika kwenye utumbo au kibofu, imethibitishwa, na una dalili za huko. Ila wameweka sharti kwamba ugonjwa wenyewe uthibitishwe kwa laparoskopi, yani ile oparesheni ya kuingiza kamera tumboni. Sasa ni wanawake wangapi jeshini walipelekwa laparoskopi? Madokta wengi siku hizi wanaanza kukutibu kwa vidonge bila kukufungua, na ni sawa kitabibu, lakini ikifika kwenye klemu unaambiwa hakuna uthibitisho. Kwangu mimi hiyo si haki, mtu anateseka miaka saba, dokta wake mwenyewe ameandika, alafu karatasi inadai achanwe ndo aaminike.

Kama wewe ni huyo, usikate tamaa ukaacha. Klemu yako isisimame kwenye jina la endometriosisi tu, weka na maumivu sugu ya nyonga na damu kupita kiasi kama hali yenyewe. Kuna kesi ya 2018 inaitwa Saunders, mama veterani aliyekuwa na maumivu ya magoti bila jina la ugonjwa, mahakama ya rufaa ya serikali kuu ikasema maumivu peke yake yanaweza kuwa ulemavu kama yanakuzuia kufanya kazi za mwili, hata kama dokta hajaweza kuyapa jina. Goti lilikuwa lake lakini kanuni ni ya kila mtu. Mwambie anayekusaidia aitaje.

Waliotolewa kizazi. Najua mko wengi na najua kwetu hilo ni jambo zito, watu wanakwenda mpaka kusema umekuwa mwanaume, wakwe wanaanza maneno, kwa hiyo mtu anaficha hata VA hawajui. Kama tatizo lililosababisha kutolewa lilianza jeshini, basi kutolewa kwenyewe kunafuata. Kanuni inasema unapewa asilimia 100 kwa miezi mitatu baada ya oparesheni, baada ya hapo 30 kama ni kizazi, na kama ni kizazi pamoja na ovari zote mbili ni 50. Na juu ya hapo kuna malipo ya nyongeza ya kila mwezi wanayaita SMC-K, kwa ajili ya kupoteza kiungo cha uzazi, hayo hayaingii kwenye hesabu ya asilimia, ni pesa inakaa juu yake, zaidi kidogo ya dola 130 kwa mwezi. Angalia barua yako. Kama umetolewa kizazi na wamekubali kwamba imetokana na utumishi na barua haina SMC-K, rudi uwaulize. Na kwa wale ambao ugonjwa umewafanya wasishike mimba na bado wanataka mtoto, VA inalipia upandikizaji wa mimba kwa wenye ugumba uliotokana na utumishi, na tangu 2024 wameruhusu hata asiyeolewa na hata kutumia yai au mbegu za kuchangiwa.

Mimba na kujifungua vyenyewe siyo ulemavu kwa macho yao, wameandika wazi, pamoja na kukoma hedhi kwa kawaida. Ila madhara yanayobaki ya uzazi uliokwenda vibaya yanahesabika. Kizazi kushuka kipo, ni asilimia 10. Fistula ipo. Kovu la oparesheni linalouma lipo.

Kitu kingine mnaniuliza sana ni kwa nini asilimia hazijumlishwi tu, mfano kwa nini 30 na 30 siyo 60. Ni hivi, chukulia sinia la wali, wa kwanza akila asilimia 30 imebaki 70, wa pili halambi sinia zima, anakula asilimia 10 ya ile 70, ambayo ni 7, kwa hiyo imeliwa 37, wanaizungusha inakuwa 40. 30 na 30 inakuja 51, wanakupa 50. Na dalili moja hawailipi mara mbili, damu ile ile ya mwezi huwezi kulipwa kwenye faibroidi na tena kwenye endometriosisi. Lakini mambo yaliyozaliwa na ule ugonjwa na yana dalili zake mwenyewe unayaongeza kama ya pili yake. Sonona iliyokuja baada ya kutolewa kizazi. Kipandauso kilichoanza na dawa za homoni. Kovu. Hayo yote yana kanuni zake, na mlango wake ni 38 CFR 3.310.

Selimundu lazima niiguse maana hii inatuhusu sisi watu wa pwani, watu wa Ziwa Viktoria, na ndugu zetu wa Kongo kuliko karibu watu wote waliovaa zile sare, kwa sababu ya historia ya malaria. Jeshini wengi waligunduliwa kwa mara ya kwanza maisha yao kwamba ni AS, yani wana kinasaba kimoja. Ukiwa AS tu bila tatizo lolote VA haikulipi, wamesema wazi kwamba hiyo peke yake siyo ulemavu wa kupimwa. Lakini AS siyo kwamba haina madhara kabisa, watu wamekojoa damu, wameanguka kwenye mazoezi makali ya joto, wengine bandama imeumia sehemu za milima mirefu, na kanuni hiyo hiyo inasema mwenye AS aliyepata dalili faili lake lipelekwe juu kwa mkurugenzi wa fidia aangaliwe kipekee. Kwa hiyo kama ulikojoa damu baada ya matembezi marefu na begi mgongoni na ukaenda kliniki, tafuta hiyo karatasi. Na mwenye selimundu yenyewe, namba ni 7714: mashambulizi ya maumivu mara moja au mbili kwa miezi 12 ni 30, mara tatu ni 60, na mara nne au zaidi pamoja na athari zinazokufanya usiweze hata kazi nyepesi ni 100. Usikubali kuambiwa umezaliwa nayo basi imeisha. Kama ulipoingia walikupima wakakuandika mzima, sheria inakuchukulia uliingia ukiwa mzima, na hata kama ilikuwepo, jeshi likiizidisha kupita mwendo wake wa kawaida una hoja.

Saratani nitapita haraka kwa sababu ukweli ni kwamba huko sheria imekuwa nzuri. Sheria ya PACT ya Agosti 2022 inasema kama ulikuwa kwenye maeneo ya vile vishimo vya jeshi vya kuchomea takataka, saratani yoyote ya viungo vya uzazi na limfoma zinachukuliwa moja kwa moja kwamba zimetokana na utumishi, huhitaji kuhangaika kuthibitisha, na Januari 2025 wakaongeza lukemia, mayeloma na magonjwa mengine ya uboho. Maeneo hayo siyo Iraki, Kuweiti na Afghanistani tu, Djibouti imo kuanzia Septemba 11, 2001 na Somalia imo kuanzia Agosti 2, 1990. Mnaokumbuka kwamba mlipelekwa Djibouti kwa sababu mna lugha za huku kwetu, mjue hiyo safari inahesabika.

Karatasi. Cha kwanza kabisa kabla hujakusanya chochote, waambie VA kwamba una nia ya kuklemu, unafanya mtandaoni au kwa simu, hiyo inakushikia tarehe kwa mwaka mzima, ukija kushinda malipo yanahesabiwa kuanzia siku ile. Anayetoka jeshini karibuni akiklemu ndani ya mwaka mmoja, tarehe inarudi mpaka siku inayofuata baada ya kutoka, na ambaye bado yuko ndani aanze kati ya siku 180 na 90 kabla ya kutoka. Omba faili lako lote la matibabu la jeshini, soma kila ukurasa, hata mwandiko wa mkono. Mimi langu lilikuwa na mstari mmoja wa mapema kabisa, umeandikwa kwa haraka, kwamba analalamika hedhi nzito, kapewa Motrin, arudi kazini. Huo mstari ndo ulionibeba. Usidharau mstari.

Na kama hakuna mstari kwa sababu ulikuwa unanyamaza, tafuta shahidi. Yule uliyekaa naye chumba kimoja, aliyekununulia pedi, aliyekufunika sweta kiunoni, anaruhusiwa kuandika aliyoyaona kwa macho yake. Wewe mwenyewe pia, damu kutoka haihitaji dokta kuiona. Hata mama yako Mombasa au Bukavu aliyekuwa anaongea na wewe kwa simu unalia anaweza kuandika, akiandika kwa Kiswahili iwekewe tafsiri. Kisha dokta aunganishe, aseme kwa maandishi kwamba kuna uwezekano angalau nusu kwa nusu kwamba hali ya sasa ilianza au imetokana na utumishi, na aeleze kwa nini. Nusu kwa nusu inatosha. Mizani ikilingana sheria inakupendelea wewe.

Usilipe mtu kukujazia klemu ya kwanza. Kuna watu wanapita kwenye magrupu yetu, wengine wanaongea na Kiswahili kabisa, wanasema tutakupatia 100, utatulipa mara tano au sita ya nyongeza yako ya mwezi. Hairuhusiwi kutoza pesa kwa klemu ya kwanza. Vyama vilivyosajiliwa vya maveterani kama DAV, American Legion na VFW vina watu wenye kibali wanaofanya bure, na kila ofisi ya kanda ya VA inayoshughulikia klemu ina mratibu wa maveterani wanawake (Women Veterans Coordinator), ulizia kwa cheo hicho hicho. Wakili mwenye kibali anaweza kukutoza baada ya uamuzi wa kwanza kutoka, ukienda rufaa.

Sasa wewe uliyeniandikia juzi kutoka Kentucky, kwamba walikupa sifuri kwa upungufu wa damu na barua umeitupa kwenye droo. Itoe. Ina tarehe. Kama haijafika mwaka bado uko ndani ya muda na ukishinda tarehe yako ya zamani inabaki, kama umepita unaweza kurudi lakini malipo yataanza upya. Kwa hali yako usiombe mkubwa wa VA alipitie tena faili lile lile, maana huko huruhusiwi kuongeza ushahidi, wewe una ultrasaundi ya mwaka jana ambayo hawajaiona na una ile barua ya dokta wa wanawake, kwa hiyo chukua njia ya klemu ya nyongeza, fomu 20-0995, uweke hizo mbili ndani kama ushahidi mpya. Na siku hiyo hiyo fungua klemu ya kizazi kwa fomu 21-526EZ, faibroidi na kublidi, uandike kwamba upungufu wa damu unatokana nayo. Jumamosi nipo nyumbani baada ya saa nane mchana, nipigie tukae kwenye video tupitie ukurasa kwa ukurasa, na Jumatatu uipeleke kwa mtu wa chama hapo kwenu aiangalie kabla hujatuma.